Sita Iliyogeuka Nane

Katika ofisi ya makaburi ya manispaa kila mtu alimwita Chapchap, kuanzia mkuu wa ofisi hadi wachimbaji, ambao kwa kawaida hawakuwa na muda wa kumtania mtu anayefanya kazi kwenye kiti. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza. Alipewa bahasha mia mbili za kubandika anwani, akazimaliza kabla ya chai, akauliza kama kuna nyingine. Alilipenda jina lake. Jamaa zake walikuwa wamemwambia sana kwamba haraka haraka haina baraka, mpaka methali hiyo ikawa kwake kama mlio wa feni: inasikika, haisikilizwi. Mtu pekee ambaye hakuwahi kumtajia ni shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemwingiza pale. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake, na alikuwa ametunza kumbukumbu za ofisi hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Alianza kama mpiga taipu. Kila aliyezikwa alikuwa na kadi yake yenye jina, tarehe, kitalu, safu na namba ya kaburi, na chini kabisa, kwenye pembe, herufi mbili za aliyeichapa. Kadi nyingi zilikuwa na herufi za Shangazi. Ukitembea naye katikati ya makaburi angekwambia huyu alizikwa siku ya mvua kubwa, na huyu ndugu zake waligombana hapa hapa kabla udongo haujakauka. Ofisini hakumwita Chapchap kwa jina la utani. Alimwita "baba," kama mashangazi wanavyowaita watoto wa ndugu zao wa kiume, na alipotaka kumkanya alimwita "bwana mdogo."

Kadi zenyewe za karatasi hazikuwepo tena. Miaka kadhaa kabla Chapchap hajaajiriwa, paa la ghala lilivuja, kadi nyingine zikaozea kwenye makabati, na zilizopona zikaskaniwa haraka haraka kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, kisha zikateketezwa. Kilichobaki ni faili za picha elfu thelathini na moja, moja kwa kila kadi. Zilikuwa faili za aina ya zamani, nzito, na mfumo mpya wa kompyuta ulipoletwa haukuweza kuzifungua. Mkuu wa ofisi akaagiza zigeuzwe zote ziwe PDF, tena nyepesi, maana seva ilikuwa inakaribia kujaa. Kazi akapewa Chapchap, na hakuna aliyeshangaa.

Alipata programu ya kufanyia kazi hiyo, akaijaribu. Kwa njia ya kawaida ingechukua siku tisa. Kulikuwa na njia nyingine, ya kubana faili kabisa, ambayo ingemaliza kwa siku mbili na kutoa faili ndogo mara kumi. Alipoichagua, kikatokea kisanduku chenye onyo kwamba njia hiyo inaweza kuathiri usahihi wa maandishi madogo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kikombe. Kwa mkono wa pili akabonyeza Sawa.

Shangazi alimwuliza jambo moja tu, kama amekagua. Alikuwa amemwelekeza aweke faili ya zamani na mpya sambamba, asome namba kwa namba, angalau kadi moja katika kila kumi. Chapchap akajibu kwamba amekagua. Ukweli ni kwamba alikuwa amefungua kadi tisa. Herufi zilionekana safi, safi kuliko hata zile za zamani, akaona kuendelea ni kupoteza muda. Kwenye fomu ya makabidhiano palikuwa na mstari ulioandikwa "Zimehakikiwa na," naye akaweka sahihi yake pale, ile yenye mkia mrefu. Jumatatu kwenye kikao alipigiwa makofi. Shangazi naye alipiga, kwa furaha ya mtu aliyemleta mgeni sherehani na mgeni akacheza vizuri.

Faili za mwanzo zikafutwa kwenye seva kwa amri ya mkuu. Nakala moja ilibaki kwenye diski ya nje ambayo Chapchap aliitumia kuzihamishia, ndani ya droo yake, chini ya nyaya za chaja. Wala haikubaki kwa busara. Aliisahau tu.

Mwezi haujaisha, akaja mwanamke mmoja kwenye kaunta, mshonaji wa nguo, mwenye sentimita ya kupimia ikiwa bado imening'inia shingoni kana kwamba alitoka kazini akisahau kuivua. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake alizikwa pale yeye akiwa na miaka tisa. Baada ya maziko alichukuliwa na ndugu wa mbali, akakulia huko, na sasa amerudi na hajui hata aanzie upande gani. Shangazi ndiye aliyemhudumia. Alitafuta jina kwenye kompyuta, kadi ikafunguka, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi: kitalu cha nne, safu ya pili, kaburi la themanini na nane. Kisha, kwa sababu alikuwa Shangazi, akavua ndara za ofisini, akavaa viatu, akampeleka mwenyewe.

Kaburi halikuwa na alama yoyote. Mshonaji alilisafisha kwa mikono. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi asubuhi, akapanda maua, akaweka jiwe dogo lenye jina la mama yake, na mara nyingi Shangazi alimkuta ameketi pale akizungumza polepole, akimsimulia marehemu habari za wateja. Urafiki ukaingia kati yao. Mshonaji akawa anamwita Shangazi "mama."

Miezi saba ilipita hivyo. Halafu Ijumaa moja asubuhi alifika dereva mstaafu, mzee mrefu aliyetembea kwa kuchechemea, pamoja na binti zake wawili. Walikuwa wametoka mbali kulizuru kaburi la kijana wao, na juu yake walikuta jiwe lenye jina la mwanamke wasiyemjua. Mzee hakupiga kelele. Alitoa mfukoni kibali cha maziko kilichokunjwa ndani ya karatasi ya nailoni, akakikunjua mbele ya mkuu wa ofisi, akaweka kidole kwenye namba. Kitalu cha nne, safu ya pili, kaburi la themanini na nane.

Mkuu akafungua kadi ya kijana wa mzee kwenye kompyuta. Themanini na nane. Akafungua kadi ya mama wa mshonaji. Nayo themanini na nane. Hata hivyo, kibali kilikuwa na muhuri na sahihi, na binti mkubwa aliukumbuka mti mkubwa uliokuwa karibu na kaburi siku ya maziko. Hapakuwa na ubishi kwamba kaburi ni la kijana wao. Mkuu akaitisha kikao saa tisa alasiri, akampigia mshonaji simu aje.

Saa saba wenzake walipotoka kwenda kula, Chapchap alibaki. Alivuta droo, akaitoa diski, akaichomeka. Ilimchukua muda kuipata kadi ya mama wa mshonaji. Ilipofunguka ilikuwa chafu kama zilivyokuwa zote, imejaa vidoadoa vyeusi, na namba ilikuwa imechapwa kwa taipu iliyochoka ambayo sita yake ilivimba wino mpaka tundu likakaribia kuziba. Lakini ilikuwa sita. Ukiitazama kwa jicho la mtu ilikuwa sita kabisa. Kaburi la sitini na nane.

Alielewa mara moja kilichotokea, akasoma na maelezo ya programu ili kuhakikisha, jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu mwanzo. Njia ile ya kubana haikuhifadhi kila tarakimu kama ilivyo. Ilichukua umbo moja na kulirudia popote ilipoona umbo linalofanana nalo. Sita iliyojaa wino ilifanana na nane, basi ikaifanya nane, safi, nyororo, bila doa. Ndiyo maana kadi mpya zilimpendeza macho.

Alizima kompyuta, akairudisha diski chini ya nyaya. Alijiambia kwamba atasema kikaoni.

Kwenye kikao walikaa kuzunguka meza ndefu: mkuu, dereva mstaafu na binti zake, mshonaji, Shangazi, Chapchap. Mkuu akaonyesha kadi ya mama wa mshonaji kwenye skrini ukutani, akashuka nayo mpaka kwenye pembe ya chini, zilipokuwa herufi mbili. Hakuna aliyemlaumu mtu bado. Shangazi alizitazama herufi zile. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akaivaa, akatazama tena.

"Herufi ni zangu," akasema. "Niliichapa mimi."

Mkuu, ambaye alimheshimu, alijaribu kumtafutia njia. Akamgeukia Chapchap, akamwuliza kama faili za mwanzo zipo, ili walinganishe.

"Zilifutwa," Chapchap akajibu.

"Na kazi yako ulihakiki?"

"Nilihakiki."

Maneno hayo mawili yalimtoka kwa urahisi uliomtisha. Mara moja Shangazi akainuka. Aliwaomba radhi dereva na binti zake, akitamka sawasawa jina la kijana wao. Kisha akamgeukia mshonaji. Alisema miezi saba amemkalisha mtu kwenye kaburi la mgeni na kumwacha mama yake peke yake, na kwamba mkono uliofanya hivyo ni huu, akaunyanyua waone. Mshonaji alikuwa analia kimya kimya. Akauliza mama yake yuko wapi basi. Kadi kadhaa za safu ile ziliozea kwenye ghala, na palikuwa na makaburi sita yasiyo na jina wala kumbukumbu. Angeweza kuwa katika lolote kati ya hayo, au mahali pengine kabisa.

Chapchap alitazama meza. Haya ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto, na bado mdomo haukufunguka. Kila dakika iliyopita ilifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Kesho yake yeye na wachimbaji wawili walitumwa kuliondoa jiwe. Halikuwa zito. Mmoja wa wachimbaji alimtania kwamba leo chapchap imekwenda wapi, mbona anabeba kama amebeba yai. Walilihifadhi ghalani, nyuma ya majembe, uso wake ukielekea ukutani.

Baada ya hapo Shangazi alibadilika. Mtu aliyezoea kutaja namba za makaburi bila kutazama popote, sasa aliandika kila namba mara mbili, akaisoma kwa sauti, kisha akamwomba aliyekuwa karibu aisome tena. Kwenye kaunta watu walianza kupanga foleni. Aliyekuwa karibu mara nyingi alikuwa Chapchap. "Baba, hebu niangalizie hapa, hii ni tatu au ni nane?" Naye aliinuka, akainama juu ya bega la shangazi yake aliyenukia sabuni, akasema ni tatu, Shangazi. Ilikuwa tatu kila mara. Macho yake hayakuwa na kasoro hata kidogo.

Jumapili moja familia ilikula pamoja nyumbani kwa baba yake. Shangazi akatangaza, huku akimsogezea mtoto mmoja kikombe cha maji, kwamba ameandika barua ya kustaafu kabla ya wakati. Baba yake Chapchap aliweka kijiko chini. Shangazi akaeleza kwamba mkono wake ulianza kumsaliti tangu akiwa kijana na yeye hakujua, na sasa usiku hulala akijiuliza ni wangapi wengine aliowapoteza. Baba akasema, kama mtu anayetafuta faraja popote ilipo, "Angalau umetuachia mtu pale. Kijana wako ataliokoa jina lako."

Shangazi akatabasamu, akampapasa Chapchap mgongoni. Chapchap aliinuka, akaenda bombani, akaacha maji yatiririke ili wasisikie kwamba hanywi.

Wiki iliyofuata alianza kutengeneza mambo kwa siri. Alijiambia kwamba kitu muhimu ni kadi ziwe sahihi, na si nani aseme nini. Aligundua kwamba kosa lilizigusa kadi za miaka mitatu tu, zile zilizochapwa kwa taipu moja, kama elfu mbili hivi. Kila siku wakati wa chakula alifungua za zamani na mpya sambamba, kama alivyoelekezwa tangu mwanzo, akasoma namba kwa namba. Alipata mia moja arobaini na tatu zilizobadilika. Akazigeuza upya, moja moja, kwa njia ya kawaida, akaziweka mahali pake. Hakuna aliyejua.

Lakini alizirekebisha mia moja arobaini na mbili. Ile ya mama wa mshonaji hakuigusa. Kadi hiyo ilikuwa imeonwa na watu saba ukutani. Ikibadilika na kuwa sitini na nane, mtu atauliza imebadilikaje. Alikaa siku nzima akilipima jambo hilo, na mwishowe akaifunga. Hapo ndipo alipojiona alivyo. Awali angeweza kujitetea kwamba alipitiwa, kwamba alikuwa mvivu, kwamba aliogopa. Sasa alikuwa amewarudisha wafu wote mahali pao isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alimwacha makusudi, ili yeye asalimike.

Alianza kuchelewa kazini. Akipita ghalani aliharakisha hatua. Mwenzake wa mapokezi alimwuliza kama anaumwa, akasema tumbo.

Ilikuwa Jumamosi, miezi mitatu baada ya kikao, mshonaji alipotokea tena kwenye kaunta. Shangazi alibakiwa na wiki mbili za kazi. Alipomwona alisimama, hakujua kama amkaribishe au amwombe radhi upya, akafanya yote mawili kwa pamoja. Mshonaji alimshika mkono. Akasema hakuja kudai chochote. Alitaka tu kuuliza kama kuna ubaya akiendelea kuja Jumamosi na kukaa kwenye benchi karibu na ukuta wa kitalu cha nne.

"Sijui yuko wapi," akasema, "lakini si yumo humu ndani, mama? Nikikaa pale atanisikia popote alipo."

Shangazi akamjibu kwamba hakuna ubaya, mwanangu, kaa utakavyo. Kisha akaongeza kwamba kila siku anaomba Mungu amkumbushe. Aliwahi kukumbuka maelfu ya watu, akasema, na huyo mmoja amekataa kurudi.

Chapchap alikuwa meza ya tatu, nyuma yao. Alivuta droo. Baadaye hakuweza kueleza ni nini kilichomwinua siku hiyo na kisimwinue siku nyingine tisini. Alikuja na diski mkononi, akamwomba Shangazi asogee kidogo, akaichomeka kwenye kompyuta ya kaunta, akafungua kadi mbili kwa programu ya kugeuzia aliyoihifadhi humo, ya zamani kushoto na mpya kulia, akazikuza mpaka namba zikajaa kioo.

"Uliichapa sawa, Shangazi," akasema. "Ni sitini na nane. Mimi ndiye niliyeiharibu nilipozigeuza faili."

Shangazi alisogeza uso karibu na kioo. Alisoma ya kushoto, akasoma ya kulia, akarudi kushoto. Mshonaji alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya kikao. Saa saba."

"Kikao kilikuwa saa tisa."

"Ndiyo."

Alitegemea apigwe kofi, na angelipokea kwa shukrani. Shangazi hakumgusa. Alikaa kwenye kiti chake, akaweka mikono yote miwili mapajani, akaitazama mikono hiyo, akiigeuza upande huu na ule. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Mpeleke kwa mama yake. Mimi na wewe baadaye."

Walitembea mpaka kitalu cha nne. Kaburi la sitini na nane lilikuwa hatua ishirini tu kutoka lile la kijana wa dereva, limefunikwa na majani, na katikati yake pamekatiza njia nyembamba ambayo watu walipitia kufupisha safari. Mshonaji mwenyewe lazima aliikanyaga njia hiyo kila Jumamosi kwa miezi saba. Aliliona hilo kabla Chapchap hajaliona. Alipiga magoti pembeni, akaanza kung'oa majani.

Chapchap naye akainama amsaidie.

"Usiguse," mshonaji akamwambia.

Akasimama wima, mikono haina pa kwenda. Alianza kusema samahani, akaeleza habari za programu na wino, mpaka mwenyewe akasikia anavyojitetea, akaacha. Mshonaji aliendelea kung'oa. Baada ya muda akamwuliza kama yeye ni mmoja wa waliolibeba jiwe. Akakubali. Akamwuliza liko wapi. Akasema liko ghalani. Akamwambia alilete, kisha aende zake. Alikwenda akalibeba peke yake, mikononi, njia nzima, akalilaza pale alipoonyeshwa, akaondoka bila kugeuka.

Ile “baadaye” ya Shangazi ilifika saa sita mchana, ofisi ilipofungwa. Walikuwa wawili tu. Chapchap alipiga magoti, akasema kila kitu: kadi tisa alizozikagua, sahihi, diski, zile mia moja arobaini na mbili, na moja aliyoiacha. Alipofika kwenye hiyo moja Shangazi alifumba macho.

"Ulikuja kwenye kaunta yangu nikakuuliza hii ni tatu au nane," akasema. "Ukanijibu. Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nilikwenda kwa daktari wa macho, bwana mdogo. Akaniambia macho yangu ni mazima. Nikamwona naye hajui kazi."

Hakumwambia maneno makali kuliko hayo. Alimwinua, kwa sababu hakupenda mtu apige magoti kwenye sakafu iliyopigwa deki, akampa sharti moja. Yote hayo atayasema kwenye meza ile ile, mbele ya watu wale wale. Na nyumbani kwa baba yake atayasema mwenyewe, Shangazi hatamsaidia hata kwa neno moja.

Dereva mstaafu hakuweza kusafiri tena, kwa hiyo Chapchap alimfuata. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, akasema kwamba siku ile alikwenda nyumbani akimhurumia yule mama mwenye miwani na kumlaumu kidogo, na sasa inabidi amwandikie barua. Hakumkaribisha kukaa. Kwa baba yake mambo yalikuwa mafupi. Baba alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akauliza kama dada yake anajua yote, akajibiwa ndiyo. Akaingia ndani. Ilipita miezi kabla hajamwita kwa jina.

Ofisini aliyasema yote kwenye meza ndefu. Mkuu alimpa barua ya onyo kali, akamwondoa kwenye kompyuta isipokuwa kwa kazi moja. Faili zote elfu thelathini na moja zigeuzwe upya kutoka kwenye diski, na kila kadi isomwe kwa macho. Si moja katika kumi. Kila kadi. Shangazi, ambaye mkuu alimsihi airudishe barua yake ya kustaafu, alikataa, ila akaomba aondoke kazi hiyo ikiisha.

Ilichukua miezi tisa. Walikaa bega kwa bega, Shangazi akisoma ya zamani, Chapchap akisoma mpya. Mwanzoni hawakuzungumza chochote zaidi ya majina na namba. Wenzake waliacha kumwita Chapchap bila mtu yeyote kuwaambia, wakawa wanasema "kijana wa kumbukumbu," na hilo lilimuuma kuliko barua. Kisha polepole Shangazi akaanza kuongeza neno hapa na pale. Huyu alikuwa mwalimu wangu. Huyu jeneza lake lilikuwa refu mpaka shimo likachimbwa upya. Jumamosi mshonaji alipopita kwenda kwa mama yake, aliingia kumsalimia Shangazi. Chapchap alimwamkia, akaitikiwa, na yakaishia hapo.

Siku Shangazi alipoondoka, Chapchap alimbebea sanduku la vitu vyake mpaka kituoni. Alikuwa amejipanga kwa wiki nzima amwombe tena msamaha, kwa maneno mazuri, na walipofika maneno yote yakampotea. Alisimama tu amelikumbatia sanduku.

Shangazi alimtazama.

"Kukusamehe nimekusamehe, baba," akasema. "Kukuzoea ndiyo bado. Unakuja Jumapili?"

Akasema anakuja. Gari likafika, akampandishia sanduku, akasubiri mpaka lilipoondoka. Aliporudi ofisini watu wanne walikuwa wanasubiri kwenye kaunta, naye akakaa kwenye kiti cha Shangazi, ambacho mkuu alikuwa amempa wiki hiyo, akamwuliza wa kwanza jina la marehemu wake.